Stovu Ambayo Haikuwapo

Ndugu zangu wa laini, hizi nyumba za kampuni, Jumapili mchana kwetu ilikuwa na raha yake. Hapa katika shamba la mkonge nje ya Voi, siku hiyo kiwanda hunyamaza na wanawake walikuwa wakikusanyika mlangoni kwa Rispa, mke wa Okoth, kusukwa nywele. Rispa alikuwa na vidole vyepesi. Alianza na bintiye Branice, sisi majirani tukingoja zamu na kutaniana.

Jumanne moja raha hiyo ilikwisha. Rispa nami tulifanya kazi chumba cha brashi, ambako nyuzi kavu za mkonge hupitishwa kwenye mashine zikasafishwa. Vumbi lake hushika moto upesi kuliko nyasi za kiangazi. Wiki nzima waya wa mashine yetu ulikuwa ukitoa cheche. Tulimwambia Gibson, nyapara wetu, naye akajibu, "Malizeni oda kwanza." Cheche moja ikaangukia rundo la vumbi. Moto ulimkumba Rispa mikononi hadi shingoni. Mimi Phanice, mama yake Morris, ndimi niliyeuzima kwa leso yangu.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya kampuni, Okoth, aliyeitwa kutoka kazini kwake shambani, akiwa amekishika kichwa cha mkewe. Njiani Gibson akamwinamia.

"Skiza, Okoth. Ukisema ni kiwandani, watakifunga, na nyinyi wote mtatolewa kwa nyumba za kampuni. Sema stovu ya mafuta imelipuka nyumbani. Kampuni italipa hospitali. Na ile nafasi ya msaidizi wangu, ni yako."

Daktari alipouliza, Okoth akasema, "Ni stovu." Daktari akaandika. Rispa alikuwa akilia kwa maumivu, hakuweza kubisha. Mimi niliweza. Lakini nami nalala nyumba ya kampuni, basi nikatazama sakafu.

Kampuni ililipa wiki tatu tu. Vidonda vilipopona, ngozi ilivuta vidole vya Rispa vikashikana, hata kijiko kikamshinda. Daktari akasema anahitaji kupasuliwa Mombasa. Rispa alipokwenda kwa Gibson kuuliza, aliambiwa kampuni haihusiki na majiko ya watu.

Ndipo alipokwenda ofisi ya kazi kudai fidia. Afisa mmoja kijana, Lynn, alisoma karatasi za hospitali akatikisa kichwa.

"Mama, hapa imeandikwa uliungua nyumbani. Fidia ya kazini inataka ajali iwe ya kazini. Lakini mumeo akija aseme ukweli, na mtu mmoja aliyekuwa pale, bado tunaweza kupigana."

Rispa alikuja kwangu jioni hiyo. "Mama Morris, utanisaidia?" Nikamwambia, "Nitakuja, dada." Na kweli nilikwenda.

Siku hiyo Okoth alivaa shati jipya la unyapara. Lynn akamuuliza mkewe aliungulia wapi.

"Nyumbani. Stovu ililipuka."

Rispa akamgeukia. "Baba Branice, sisi hupika kwa kuni. Lini tulikuwa na stovu?"

"Tulikuwa nayo," Okoth akasema. "Si ililipuka? Ndiyo maana haipo."

Ndugu zangu, nimesikia uongo mwingi maishani, lakini ule ulinichoma. Kisha Lynn akanigeukia mimi. Nikawafikiria watoto wangu na mahali watakapolala. Nikasema, "Moshi ulikuwa mwingi. Sikuona vizuri."

Rispa hakututukana. Alisimama, akajaribu kufungua mlango kwa viganja viwili, kitasa kikamshinda. Tulikaa tu, mumewe na mimi, mpaka Lynn akatoka nyuma ya meza akamfungulia. Leo Rispa yuko kwa mamake, na Branice ndiye anayemlisha. Okoth naye alifutwa kazi kabla ya Krismasi. Shemeji ya Gibson ndiye aliyepewa nafasi hiyo.

Funzo

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilitosha kumpotezea mtu mikono yake. Ukiumia kazini, sema ukweli kwa daktari wa kwanza kabisa, maana anachoandika ndicho kitakachosomwa baadaye. Ripoti kwa mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala, kisha nenda ofisi ya kazi mapema, sheria ina muda wake. Waya ukitoa cheche, kataeni kugusa mashine hiyo, nyote kwa pamoja. Na wewe uliyeona, usidhani kimya chako hakina mwenye kukilipia.

Mwezi uliopita nilirudi kwa Lynn nikaandikisha nilichokiona. Hakuniahidi kwamba kitamsaidia Rispa sasa. Aliandika kila neno, kisha akaniuliza kwa nini sikusema siku ile Rispa alipokuwa ameketi kando yangu.