Jina Nililolizungusha Ziwani

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, nauza ndakala, dagaa wakavu, hapa mjini Baraka kando ya ziwa. Shule yangu iliishia la sita, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kombo. Haya nimeyaandika mara nyingi kwenye daftari langu, nikayafuta... Leo nayaacha.

Wakati wa vita nilifanya kazi kwenye foni, ile redio ya kuitana kutoka mji hadi mji. Watu waliniletea maneno yao, nami niliyatuma Fizi, kule milimani, ambako Mama Riziki aliyapokea. Shida ni kwamba foni haina mlango. Unasema ukiwa Baraka, na kila mwenye redio porini anakusikia! Ukitaja jina la mtu na siku yake ya kusafiri, umemuuza.

Basi nikabuni njia yangu. Kila ujumbe niliukata vipande viwili. Maneno niliyasema hewani bila jina: namba saba, shangazi amepona. Jina niliandika kwenye karatasi: namba saba ni ya fulani. Karatasi hiyo alipanda nayo Lubunga, mbeba barua wetu, kwa kinga, yaani baiskeli yake. Jioni Mama Riziki anaunganisha namba na namba. Sheria niliiweka mimi mwenyewe, tena kwa ukali: maneno yasiyo na jina asipewe mtu yeyote.

Ilienda vizuri miezi mingi. Nilijivuna kidogo, sitaficha.

Siku moja Lubunga akaniletea bahasha kutoka kwa Mama Riziki. Nikaona mdomo wa bahasha umebandikwa kwa bugali, ugali wetu wa kula! Nani aliifungua? Lubunga akasema mvua ilimkuta njiani, bahasha ikaachana yenyewe, akaibandika tena. Pengine kweli. Pengine uongo...

Tangu hapo nikaanza kumhesabia. Mbona leo amechelewa? Mbona askari wa kizuizi cha barabarani wanamwita kwa jina? Majirani wakanong'ona kwamba mama yake ni wa milima ya juu, watu wa ng'ombe, ambao wakati ule tuliwahesabu maadui. Na mimi, naona aibu kusema, nikasikiliza. Kwa haki niseme: hakuna ujumbe hata mmoja uliowahi kupotea mikononi mwake.

Yeye alitambua. "Dada, siku hizi unanipa barua za salamu tu," akaniambia akicheka. "Ama we unaniogopa mi?"

Nikamjibu kazi imepungua. Uongo wangu huo.

Wakati ule mume wangu, Wilondja, alikuwa Fizi akimuuguza mama yake. Alipanga kushuka Alhamisi. Jumatatu bamama waliotoka mashambani wakanieleza kwamba wenye bunduki wameketi barabarani, hawaachi mwanaume apite.

Nikakimbilia foni. Zamu yetu ya kuitana hewani ilikuwa Jumatatu na Ijumaa tu. Namba kumi na mbili: usishuke, barabara imefungwa. Mama Riziki akarudia neno kwa neno.

Bado jina.

Lubunga alikuwa mlangoni, tayari ameshika kinga. Akasema atapita vijia vya mashamba, kabla ya usiku atakuwa Fizi. Nikajiuliza, kwa nini yeye apite mahali wengine hawapiti? Nikamwambia leo hakuna barua. Karatasi ya jina nikampa mwanamke wa mashua ya Kazimia, kijiji kingine cha ziwani, ili kutoka huko mchuuzi mwenzangu apande nayo Fizi kwa miguu. Njia ndefu, lakini ya watu niliowaamini.

Huko Kazimia mchuuzi akangoja ndakala zake zikauke. Hakujua kilichokuwa ndani ya karatasi, simlaumu. Jina la mume wangu lilifika Fizi Jumamosi.

Wilondja alishuka Alhamisi... Hatukupata hata kofia yake!

Mama Riziki alikuja kwenye matanga. Akanieleza kwamba Jumatano Wilondja alipita kwake kuuliza kama mke wake ametuma neno. Namba kumi na mbili ilikuwa pale, chini ya redio. Akamjibu hakuna. Alifuata sheria yangu.

"Maneno yako ilinifika, dada," akasema akitazama chini. "Lakini ilikuwa ya nani?"

Lubunga naye alikuja. Wageni walipopewa daftari waandike majina, yeye alimwomba jirani amwandikie. Nikamtazama. Miezi yote ile...

"Mi sijuwe kusoma, dada," akasema polepole. "Ungeniambia tu ni ya shemeji. Ningeibeba ndani ya kichwa."

Je, hakuwahi kumpa mwingine amsomee? Sijui. Sina ushahidi leo, na siku ile pia sikuwa nao. Nilikuwa na bugali kwenye bahasha, basi.

Ndugu zangu mnaosoma, ukimshuku mtu, mwulize mpaka mwisho, uso kwa uso, kabla ya kumzunguka. Nami nilikuwa na njia ya nusu siku. Ilisimama mlangoni, imeshika kinga, inaningoja nitamke jina moja tu.