Inconnues Mbili za Baba Benite

Mwavita alikuwa mwanamke wa kucheka. Pale uani kwao Nyakabiga, Bujumbura, ukisikia kicheko asubuhi kwenye bomba la maji, ujue ni chake. Lakini juma hilo alichota maji kimya, akachambua maharage kimya, hata majirani wakaanza kuulizana kulikoni.

Aliyemnyima raha ni mume wake, Sébastien, fundi wa kujenga. Ni mtu mpole, hana pombe wala maneno mengi. Kwa miezi sasa, akitoka kazini, anaoga, anavaa shati safi, anaondoka tena. Akiulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Nafika hapa tu." Hapa wapi? Hasemi. Dalili ya mvua ni mawingu, na Mwavita aliyaona mawingu hayo juu ya paa lake mwenyewe.

Jumamosi mchana alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Akamsikia Sébastien chumbani, anaongea kwa simu na rafiki yake Valéry.

"Inconnues mbili zinanisumbua, ndugu yangu," Sébastien alisema. "Moja nimeisha kufukuza. Sasa ile ingine nataka kuiweka mu nafasi yake."

Kifaransa cha Mwavita kilikuwa cha sokoni, lakini neno hilo alilijua. Inconnue ni mtu asiyejulikana, na wa kike tena! Nasi watu wa Bujumbura hatuhangaiki na "moja" na "mmoja". Kwetu sufuria ni moja, na mwanamke ni moja. Basi Mwavita alielewa hivi: mume wangu ana wanawake. Mmoja anafukuzwa, mwingine anaingia mahali pake. Na wa kufukuzwa ni nani kama si mimi?

Alikimbia vita Kongo pamoja na mtu huyu, akamzalia binti yao Benite, na leo anaachwa kwa simu! Sébastien alipotoka, Mwavita alifungasha nguo zake. Atakwenda kwa dada yake kule Gatumba kabla ya jua kuzama. Alilia, tena kwa sauti.

Kilio kilimleta jirani yake Orlane, mwalimu wa hesabu. Orlane aliuona mfuko wa nguo, akaketi, akasikiliza kisa chote. Kwenye neno "inconnues" kicheko kikamponyoka. Akaona machozi ya mwenzake, akaona aibu, akamwomba radhi.

"Mama Benite, hao si wanawake," alisema. "Kwenye hesabu, inconnue ni namba ambayo bado huijui. Tunaipa jina, x au y, mpaka tuipate."

Mwavita hakuamini. Alidhani mwalimu anamtetea mwanaume. Ndipo Orlane akachukua vifuniko vya sufuria na vijiko, akavipanga mkekani.

"Kifuniko ni pakiti ya unga. Kijiko ni pakiti ya maharage. Pakiti za unga zote ni sawa, za maharage zote ni sawa. Unga moja na maharage moja, mizani inasema kilo tano. Unga ni kilo ngapi?"

"Tatu," Mwavita alijibu. Akasita. "Au nne, na maharage moja. Au mbili. Sasa nitajuaje?"

"Huwezi kujua. Vitu viwili huvijui, na habari unayo moja. Unahitaji habari ya pili."

Mwavita aliutazama mfuko wa nguo. Hata yeye, kwa mume wake, alikuwa amesikia habari moja tu.

Orlane akaongeza habari ya pili, nayo akaipanga mkekani: pakiti tatu za unga na mbili za maharage ni kilo kumi na tatu. Kisha akamwambia azidishe ile habari ya kwanza mara mbili. Mwavita akapanga vifuniko viwili na vijiko viwili. Kilo tano mara mbili ni kumi.

"Sasa toa hizi kwenye zile kubwa."

Vijiko viwili vikaondoka na vijiko viwili. Vifuniko viwili vikaondoka. Kikabaki kifuniko kimoja. Kumi na tatu ukitoa kumi, tatu.

"Unga ni kilo tatu!" Mwavita alisema.

"Ndiyo. Maharage tumeyafukuza. Sasa weka tatu mahali pa unga kwenye habari ya kwanza."

Tatu na ngapi ni tano? Mbili. Maharage ni kilo mbili. Orlane akamtaka akague habari zote mbili, si moja. Tatu na mbili, tano. Pakiti tatu za unga ni kilo tisa, mbili za maharage ni kilo nne, jumla kumi na tatu. Zote zimekubali. Mwavita akanawa uso, akarudisha nguo zake kwenye sanduku. Bado alitaka kusikia kwa mume wake mwenyewe.

Sébastien aliporudi, Mwavita alimwuliza, "Inconnues zako mbili, umezipata?"

Sébastien aliketi polepole. Akaeleza kwamba anasoma jioni kwenye ukumbi wa parokia. Akifaulu mtihani, kazini watampa usimamizi wa mafundi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"We ulimaliza shule ya msingi. Mi vita ilinitoa. Niliogopa, nikishindwa, utaniona mujinga."

"Na mi nilidhani unaniacha."

Alimwambia yote, hata habari ya mfuko. Sébastien alimshika mkono, macho yakamjaa maji. "Apana, Mama Benite. Nikuache we, niende wapi?"

Halafu akamwonyesha hesabu iliyomshinda: x na y ni sita, x tatu na y mbili ni kumi na sita. Yeye alipata x ni kumi. Mwavita akauliza, kumi itaingiaje ndani ya sita? Wakafuata hatua moja moja, wakaona kosa. Sébastien alizidisha x na y mara mbili, akaiacha sita vilevile.

"Ukiongeza pakiti, mizani nayo inaongezeka," Mwavita alisema.

Sita ikawa kumi na mbili. X ikawa nne, y ikawa mbili. Wakakagua zote mbili.

Mtihani Sébastien aliufaulu, na sasa anasimamia mafundi wenzake. Bado anasoma, sasa pamoja na Mwavita, na jioni anavaa lile shati safi. Majirani wakimwuliza anakwenda wapi, anajibu waziwazi, "Naenda shule na bibi yangu."