Pipa Lililokuwa Likienda Wodini

Saa 5:40 asubuhi

Torkil aliichora barabara kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, nyuma ya rundo la matairi. Walikuwa watatu. Yeye, kiongozi. Ejner, dereva, aliyekwisha kufungwa mara mbili kwa ajili yake. Na Vibeke, aliyefukuzwa kazi maabara mwezi uliopita.

Gari la maabara lingeingia mji wa Aarhus, Denmark, saa saba, likiwa na watu wawili na pipa moja. Ndani ya pipa, seli zilizofanyiwa marekebisho ya vinasaba, zimegandishwa kwa naitrojeni. Mnunuzi yuko Hamburg. Anataka kuiba ujuzi wa waliozitengeneza.

"Pipa likipinduka, seli zimeharibika," Vibeke alionya.

"Seli zenyewe za nani?" Ejner akauliza.

"Za maabara," Torkil akadakia. "Wewe endesha."

Vibeke akaangalia pembeni.

Saa 7:12 mchana

Pikapu ya Ejner iliziba njia kwenye kivuko cha reli. Torkil akavunja kioo kwa nondo, akamvuta dereva wa maabara nje, akampasua goti. Mwenzake, mzee mwenye mvi, aling'ang'ania pipa. Nondo ikamshukia usoni mara mbili. Akaanguka miguuni pa Ejner, meno yametapakaa kwenye lami.

"Kuna msichana wodini," mzee akasema, damu ikimtoka mdomoni. "Ana selimundu, ugonjwa wa damu. Hizi ni seli zake mwenyewe. Wameshaua uboho wake wote wa mifupani kwa dawa, wanasubiri hizi. Asipozipata hamalizi mwezi."

Torkil akampiga risasi ya kifua.

Saa 7:25

Walikimbilia kusini. Vibeke alikuwa kiti cha nyuma, amelibana pipa kwa magoti. Alikuwa akilia bila sauti. Ejner akamuuliza kama alijua.

"Nilimwambia Torkil tangu mwanzo. Akasema ukijua, utakataa."

"Na sasa unajua," Torkil akasema. "Kanyaga mafuta, bwana."

"Tunarudi, Torkil."

Mdomo wa bastola ukamgusa mbavuni. Ejner alimtazama rafiki yake wa miaka ishirini, akaona hatanii. Tena Torkil hakuwa amefunga mkanda.

Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Torkil alikipiga kioo kwa paji la uso. Bastola ikalia. Ejner akasikia moto tumboni. Akamshika kisogo, akambamiza kwenye dashibodi, akambamiza tena, hadi shingo ikalegea. Akafungua mlango wa abiria, akamsukuma kwa mguu hadi barabarani.

Kisha akageuza gari.

Saa 7:51

Taa nyekundu ya kwanza mjini, Vibeke alishuka. Alimwelekeza hospitali iliyokuwa ikilisubiri pipa, akamwambia aliweke wima, asiguse kifuniko. Akatokomea kwenye umati wa watu wa baiskeli.

Ejner aliingia hospitali peke yake, amelikumbatia pipa, buti zimejaa damu. Alisema lile neno moja alilolikumbuka: selimundu. Wakalipokea pipa kwanza. Yeye akaanguka.

Saa 2:15 usiku

Alizinduka mkono mmoja umefungwa pingu kitandani. Polisi walikuwa mlangoni. Muuguzi alikuwa akibadilisha dripu bila kumtazama.

Ejner akauliza habari za msichana.

"Seli zilikuwa salama. Alitiwa mwilini saa kumi jioni."

"Na yule mzee?"

Muuguzi alimaliza kufunga plasta.

"Alikuwa anatuletea dawa hapa kwa miaka kumi na sita," akasema. "Nimetoka sasa hivi kumshikilia mkewe asianguke."

Akazima taa, akatoka.