Kengele ya Tutaona

Bénédicte alisikia kengele kabla ya kumwona mwanamume. Ilikuwa siku ya soko Nyabiondo, pikipiki zinapiga honi kati ya magunia ya maharage, na mbwa wa kahawia akajipenyeza hadi kwenye meza yake ya dawa za mifugo, kengele ya mti ikigonga shingoni. Nyuma yake akaja Isidore, mwindaji wa Pinga, buti za mpira zimejaa tope, shati jeupe limepigwa pasi kama la harusi.

"Docteur, imbwa yangu Tutaona iko anajikuna tu. Ni upele?"

"Njo upele," Bénédicte akajibu, macho yake kwenye lile shati. Hakumpapasa mbwa hata mara mbili.

Akamdunga sindano ya upele. Isidore akarudi, akarudi tena. Kila jioni simu ikalia.

"Mupenzi, umekula?"

"Nimekula. Na mugonjwa wangu?"

"Anakusalimia. Lakini mimi njo mugonjwa."

Wakacheka. Ila madoa mekundu yakazidi, midomo ya mbwa ikapoteza weusi wake, vinundu vikaota. Mwezi wa tatu tangu sindano ile, Bénédicte akakata kipande cha ngozi, akakituma Goma kipimwe. Jibu likaja: limfoma ya ngozi, yaani kansa. Simu ya Isidore ikalia, Bénédicte akashindwa kuipokea kwa aibu. Siku kumi na mbili hakuipokea.

Siku ya soko Isidore akasimama mbele ya meza.

"Uko na mwanaume mwengine? Sema tu, Béné."

"Hapana." Machozi yakamtoka. "Haiko upele. Ni kansa. Nilikosea, nikapoteza miezi tatu."

"Dawa?"

"Zile za nguvu haziko huku. Hata kwenye ziko, zinaongezaka siku tu. Niko na vidonge vya kupunguza kujikuna. Basi."

Isidore akapiga magoti kwenye tope, akaanza kufungua kengele. Kwao mbwa asiyewinda tena huvuliwa kengele, nayo hutundikwa juu ya jiko la mke wa mwindaji, mgeni haishiki. Alikuwa amemsimulia hayo kwenye simu.

Akaiweka mikononi mwa Bénédicte.

"Isidore, si nimekuulia imbwa?"

"Umekosea, na niko na hasira, sikufichi. Lakini kwangu jiko haiko na mwenyewe. Shika."

Akaishika, akilia. Tutaona akainuka, akajikuna, akaja miguuni pake kimya kabisa. Bénédicte akampa kidonge cha kwanza, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa.