Zamu ya Tatu

Mshonaji alianza kuwashuku wanawe jioni moja alipoiokota padi ya gemu kochini na kuikuta ina joto, joto la kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Bingwa, kijana wake mkubwa, alikuwa bafuni anaimba kwa sauti yake ya kubalehe. Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa uani anaanua nguo. Runinga ilikuwa imezimwa. Mama akashika kiuno na kusema moyoni kwamba watoto hawa wanamchezea shere.

Alikuwa na sababu ya kushuku. Tangu baba yao, dereva wa malori ya masafa, alipoleta lile gemu kufidia kutokuwepo kwake, nyumba haikuwa na amani. Vitabu vilishinda vimefungwa, vyombo vikalala bila kuoshwa, na wawili hao waligombania padi moja hadi wakachaniana mashati, ambayo kuyashona ilikuwa kazi ya mama yuleyule. Akiwaambia wazime, jibu lilikuwa moja: "Dakika tano tu, mama." Naye akiwa na nguo za wateja zimemlundikia, alikuwa akiwapa. Dakika tano za nyumba ile zilitosha kuivisha maharage.

Ikafika siku uzalendo ukamshinda. Aliinuka kwenye cherehani, tepu ikiwa bado shingoni, akasimama katikati ya sebule na kutangaza.

"Kuanzia leo ni zamu. Kila aliyemo humu ndani ana saa yake moja. Kengele ikilia anampisha mwenzake, na atakayedhulumu zamu ya mwenzake atanitambua."

Akaweka saa ya kengele juu ya runinga. Watoto walinung'unika lakini wakatii, na kwa muda alijiona amepatia. Ndipo ikaja ile padi yenye joto.

Akaanza kutega masikio. Chumba chake cha kushonea kilipakana na sebule, na kila jioni, baada ya kengele ya Kitinda kulia na binti kwenda zake jikoni, mama alisikia vitufe vya padi vikibonyezwa, ta-ta-ta, taratibu, kama mtu anayejifunza. Akichomoka mbio hakuti mtu. Anakuta runinga nyeusi na harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, ilhali pasi yake ilikuwa imepoa tangu mchana. Alimbana Bingwa, Bingwa akamsingizia dada yake. Alimbana Kitinda, Kitinda akanyamaza tu, na ukimya ule ukamtia mama shaka zaidi. Akatega uzi mwembamba mlangoni mwa sebule. Vitufe vikalia, na uzi ukabaki bila kukatika.

Jioni iliyofuata aliwakalisha wote wawili miguuni pake, akawapa pindo za kushona. Kengele ikalia sebuleni. Kisha, huku wanawe wote akiwaona kwa macho yake mawili, ta-ta-ta ikaanza upande wa pili wa ukuta. Sindano ilimchoma kidole asiisikie.

"Nani yuko humo?" alinong'ona.

"Ni zamu yake," Kitinda akajibu bila kuinua uso.

"Zamu ya nani?"

"Mama, si wewe ndiye uliyesema kila aliyemo humu ndani?" Binti akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilidhani unamjua."

Saa nzima ilipotimia kengele ikalia, na vitufe vikanyamaza papo hapo. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kutii kengele namna ile.

Kesho yake mama alilifungia gemu kabatini na ufunguo akauficha kifuani. Alijiona mjanja. Lakini jioni, wakati wanakula, ulipofika muda wa zamu ya tatu, kijiko kilimdondoka Kitinda, akasimama wima, akapiga hatua tatu, akakata kushoto, akapiga nyingine, akakata kulia, kichwa kikigeuzwa kama kinachoendeshwa na mkono wa mtu mwingine, akaugonga ukuta, akarudi nyuma, akaugonga tena palepale, machozi yakimtoka na mdomo umefungwa, na kila mama alipomkumbatia alivutwa kwa nguvu zisizo za mtoto, na Bingwa akawa analia akimshika dada yake miguu, na harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima, mpaka kengele ilipolia na binti akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Mama hakungoja kuambiwa. Asubuhi alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alinusa sebule na kuuliza jambo moja tu: maneno gani yalisemwa humu. Akaambiwa.

"Huyu alikuwa amekaa zake kimya miaka yote," mganga akasema. "Ulipotaja kila aliyemo, naye akajihesabu."

"Nimrudishie gemu?"

"Akishaonja mtu, kidude hakimtoshi tena. Zamu umeitoa wewe mwenye nyumba, mama. Siwezi kuifuta. Naweza kuihamisha tu, na lazima niambiwe naihamishia wapi."

Mama alimtazama binti yake, alama nyekundu za ukuta zikiwa bado kwenye paji la uso. Hakuhitaji kufikiri.

"Ije kwangu."

Mganga alifanya yake, kisha akawaita watoto. Kengele ikilia, aliwaambia, mmoja wenu asimame mlangoni aseme imetosha, na yule mwenye zamu atamwachia mama yenu. Lakini asiongezewe hata kidogo. Akiongezewa mara moja, sheria imekufa, na hatatoka tena.

Tangu hapo kila jioni mama alikaa kwenye cherehani, na miguu yake ikakanyaga bila yeye kuikanyagisha, mikono ikasukuma kitambaa asikotaka, na yeye akawa ndani ya mwili wake kama abiria. Iliuma, lakini Kitinda alikuwa analala vizuri, na hilo lilimtosha. Bingwa hakukosa mlangoni hata jioni moja.

Mpaka leo. Kengele imelia, kijana amekuja na daftari lake la hesabu, macho yamechoka kwa kusoma.

"Imetosha," akasema.

Cherehani haikusimama. Mama akahisi midomo yake ikitabasamu, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, laini, ya upendo, sauti ambayo yule mwingine hakuwahi kuitumia.

"Keshaondoka, mwanangu, ni mimi. Namalizia upindo huu wa mteja. Dakika tano tu."

Ndani yake alipiga kelele kwa nguvu zote, na hakuna hata ukope uliotikisika. Bingwa alimtazama kwa huruma, kama mama alivyokuwa akimtazama yeye zamani.

"Haya, mama," akasema, akiurudishia mlango. "Lakini ziwe tano kweli."