Friwili Iliyokatazwa Kulia

Kila asubuhi Makali alifungua mlango wa karakana, akafagia unga wa chuma wa jana, kisha akapanda mashine yake. Watu walimwita Makali kwa sababu kazi yake ilikuwa kunoa. Alinoa visu vya wauza nyama, mapanga ya wakata nyasi na mikasi ya mafundi wa nguo. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limesahaulika. Mtu akimwita kwa jina hilo, yeye mwenyewe aligeuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Mashine yake ilitengenezwa kwa fremu ya baiskeli ya zamani. Ilifungwa sakafuni kwa bolti nne, karibu kabisa na ukuta wa mbao. Mnyororo ulitoka kwenye pedali ukaenda mbele, kwenye ekseli iliyokuwa usawa wa mikono yake. Ekseli hiyo ilibeba jiwe la kunolea na gurudumu zito la chuma. Makali alikanyaga kwa nguvu mara chache mpaka gurudumu likashika kasi. Kisha alituliza miguu, akainama, akanoa. Jiwe liliendelea kuzunguka lenyewe, na mashine ikalia: kere-kere-kere-kere.

Nyuma ya ule ukuta wa mbao kulikuwa na chumba cha kulala. Mke wake alikuwa mkunga katika zahanati. Mwezi huo alipangiwa zamu ya usiku, kwa hiyo alilala asubuhi, wakati mumewe anaanza kazi.

Jumatatu moja alitoka chumbani na mto mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba Watoto," alisema, "hiyo mashine yako inalia sana."

Hakusema kwa hasira. Alirudi kitandani, akajifunika mto kichwani. Lakini Makali aliona huruma. Mama huyu alikuwa amesimama tangu jioni, akipokea watoto wa wenzake, na nyumbani kwake hapati hata saa mbili za usingizi.

Makali akafikiri. Bawaba ya mlango ikilia, hutiwa mafuta. Mkokoteni ukilia, hutiwa grisi. Aliyajua hayo vizuri, maana kabla ya kuanza kunoa alisukuma mkokoteni sokoni kwa miaka kumi na minane, mpaka mgongo ukakataa. Kopo la grisi ya mkokoteni bado lilikuwepo chini ya meza. Ilikuwa grisi nzito, nyeusi, yenye kunata kama lami.

Alisikiliza sauti inatoka wapi. Ilitoka kwenye friwili, yaani kile kipande cha duara chenye meno ambacho mnyororo unakizungusha pale kwenye ekseli. Akaishindilia grisi kwa kidole, tena na tena, mpaka ikafurika pembeni. Kisha akakanyaga, akatuliza miguu. Kimya. Mkewe akalala mpaka saa nane mchana. Makali alijiona bingwa.

Kesho yake alipanda, akakanyaga, na karibu aanguke kifudifudi. Pedali zilizunguka bure. Mnyororo ulizunguka, friwili ilizunguka, lakini jiwe lilikaa kama halihusiki. Wateja walikuwa mlangoni. Makali hakutaka kusubiri. Alimwita fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa mtaa wa pili, akamweleza kuwa friwili inateleza. Fundi hakuuliza mengi. Alivaa miwani yake, akaipiga moto friwili yote, akaiunganisha na ekseli ikawa kitu kimoja.

"Nimewafungisha ndoa," alisema akicheka. "Hii haina talaka."

Kweli, jiwe lilizunguka. Na mashine haikulia hata kidogo.

Tatizo lilianza alipotuliza miguu kama alivyozoea. Miguu ilisimama, pedali hazikusimama. Gurudumu zito liliuvuta mnyororo, mnyororo ukazivuta pedali, na moja ikapanda ikampiga kwenye muundi wa mguu wa kulia. Makali alijikaza. Alijaribu kuendelea kukanyaga huku ananoa, lakini mwili ulipanda na kushuka, na mikono ikafuata mwili. Mkasi unataka mkono uliotulia. Ukiruka mara moja tu juu ya jiwe, makali yake hayawi sawa tena.

Jumatano alifika mwanamke mmoja aliyekuwa mkuu wa chumba cha kukatia nguo katika kiwanda kidogo cha sare za shule. Kila mwezi alimletea Makali mikasi kumi na miwili, na hiyo ilikuwa nusu ya kazi yake ya mwezi mzima. Siku hiyo alishika mkasi mmoja tu, aliouchukua jana yake, na kipande cha kitambaa. Akakata mbele yake. Kitambaa kilitoka na nyuzi zinaning'inia.

"Mzee Makali, huu haukati. Unatafuna."

Makali akaomba msamaha. Mwanamke huyo alimheshimu, akakubali kumwachia mkasi huo mmoja aurekebishe. Lakini alimweleza wazi kwamba mikasi mingine kumi na mmoja ya mwezi huo bado iko kwenye mfuko wake, haijanolewa. Ijumaa saa sita atapita. Kama mkasi huu bado unatafuna, mfuko wote utakwenda kwa mnoaji mwingine, na hatakuwa na sababu ya kurudi.

Usiku wa Jumatano mkewe hakuwa na zamu. Alimfunga bandeji mguuni. Kisha akasema labda mashine imefika mwisho, aache tu. Makali akajibu, shingo upande, kwamba ule mkokoteni bado upo uani.

"Mgongo huo hausukumi tena hata kitanda cha mtoto," mkewe alisema. "Usinichekeshe nikiwa na huzuni."

Wote wawili walijua maana yake. Mashine ikimshinda, hana kazi nyingine.

Alhamisi mchana jirani yao aliingia karakana. Alikuwa fundi wa baiskeli, mwanamke mfupi mwenye mikono imara, na watu walimwita Mama Spoku. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alimsalimu Makali, akamwamkia mkunga, aliyemwita wifi, kwenye kigoda alipokaa, kisha akasema alikuja kuangalia kama kaka yake ni mzima. Siku tatu hajaisikia mashine. Alidhani wamesafiri.

"Mashine ipo," Makali alijibu. "Imenyamaza tu."

Mama Spoku aliinama. Aliona grisi nyeusi, akaona mshono wa moto uliozunguka friwili yote.

"Nani kamuua huyu?"

Makali akaeleza yote: sauti, grisi, kuteleza, moto. Mama Spoku alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaenda kwake, akarudi na friwili kuukuu iliyofunguliwa. Akatandika gunia sakafuni na kupanga vipande.

"Kaka, ulisukuma mkokoteni miaka mingi. Niambie. Unasukuma, umefika mteremkoni, mkokoteni unakimbia kukupita. Unafanya nini?"

"Nauacha uende. Mikono naitoa."

"Hung'ang'anii?"

"Nina wazimu? Utaniburuta."

"Basi friwili ndiyo mikono yako," alisema Mama Spoku. "Inasukuma, lakini haikufungwa."

Akawaonyesha. Friwili ni pete mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje ina meno ya kushika mnyororo. Ya ndani imekazwa kwenye ekseli. Kwenye pete ya ndani kuna vyuma viwili vidogo kama kucha za paka. Mama Spoku aliviita vikucha. Chini ya kila kikucha kuna springi nyembamba kama unywele, inayokiinua. Na tumboni mwa pete ya nje kuna meno mengine yaliyolala upande mmoja, kama meno ya msumeno.

Alimpa mkunga pete ya nje aizungushe mbele. Vikucha vikanasa kwenye meno, na pete ya ndani ikabebwa pamoja nayo. Huko ndiko kukanyaga, alieleza. Nguvu ya mguu inapita kwenye mnyororo, inaingia pete ya nje, vikucha vinaikabidhi pete ya ndani, na jiwe linazunguka. Kisha akamwambia aishike pete ya nje isitembee, azungushe ile ya ndani kuelekea mbele. Safari hii vikucha vililala, vikapita juu ya meno, kimoja baada ya kingine. Kere-kere-kere.

"Miguu imetulia, jiwe linaendelea," Makali alisema polepole.

"Ndiyo. Na hiyo sauti ni vikucha vinainuka na kulala. Ukisikia kere-kere, ujue ni vizima, viko tayari kunasa ukikanyaga tena. Wewe ukavitia grisi ya mkokoteni. Vikanata, vimelala. Springi nyembamba namna hii itaviinuaje? Ndiyo maana pedali zilizunguka bure. Halafu kwa kuichomelea ukajifunga kamba kwenye mkokoteni, na mteremko ukakuburuta."

Makali aliutazama mguu wake wenye bandeji.

Mkewe alikuwa bado anazungusha pete, mbele na nyuma, akisikiliza. Akaanza kucheka taratibu.

"Mtoto akizaliwa kimya, sisi hatupigi makofi," alisema. "Tunahangaika mpaka alie. Mimi nikakwambia inalia, wewe ukaenda kuiziba mdomo."

"Nilitaka ulale," Makali alisema.

Mkunga akaacha kucheka. Akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

Mama Spoku alijifanya anatafuta spana.

Kazi ilichukua mchana mzima. Friwili iliyochomelewa haikuweza kuokolewa, maana moto uliharibu springi zake. Mama Spoku alikata mshono kwa patasi, akaifungua friwili kwa spana na bomba refu, huku Makali ameshikilia gurudumu. Waliosha ekseli kwa mafuta ya taa. Friwili mpya, aliyoileta kutoka karakana yake, aliikaza kwa mkono kwanza, akihakikisha inatazama upande sahihi. Ikifungwa kinyume, alionya, itanasa unaporudisha pedali nyuma na kuteleza unapokwenda mbele. Mwisho akatia matone matatu ya mafuta mepesi, yale ya cherehani. Grisi nzito ni ya beringi, zile gololi za ekseli, alisema. Vikucha vinataka mafuta mepesi, na kidogo tu.

Makali akauliza kama mashine zote za namna hii zina vikucha. Mama Spoku akasema hapana. Kwenye pikipiki ya kuwashwa kwa kitufe, mota ndogo huizungusha injini mpaka iwake, halafu injini ikienda kasi haiburuzi tena ile mota. Pikipiki nyingi za namna hiyo zina vyuma vya mviringo, kama vipande vifupi vya kalamu, vilivyokaa katika nafasi pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Vikizungushwa upande mmoja, vyuma hukimbilia kwenye wembamba, vikabana kama kabari chini ya mlango, na nguvu ikapita. Upande wa pili hurudi kwenye upana, vikalegea. Umbo ni lingine, kazi ni ileile: kusukuma upande mmoja na kuachia upande wa pili.

"Sasa ijaribu," alisema. "Mbele, jiwe lije. Tuliza, lisikusumbue. Na usikilize."

Jiwe lilikuja. Makali alituliza miguu, na pedali zikasimama palepale alipoziacha. Kere-kere-kere.

Ilibaki habari ya usingizi. Mama Spoku aligonga ukuta wa mbao kwa kidole, akacheka. Mashine imefungwa jirani na mbao, kwa hiyo ukuta wote unageuka ngoma. Watatu wakaihamisha hadi upande wa barabarani. Chini ya kila bolti wakaweka vipande vinne vya tairi kuukuu, kimoja juu ya kingine. Mkunga akaenda kujilaza, mumewe akakanyaga. Aliporudi alisema sauti ipo, lakini iko mbali, na haipigi tena kichwani.

Ijumaa asubuhi Makali alichukua ule mkasi mmoja. Hakuharakisha. Alikanyaga, akatuliza miguu, akavuta makali kwenye jiwe toka shinani hadi nchani kwa mvuto mmoja. Mkono haukuruka.

Saa sita kasoro mkuu wa chumba cha kukatia alifika. Mfuko ulikuwa begani, hakuutua. Alitoa kitambaa chepesi cha shati, kile kinachosumbua mikasi yote, akakikata katikati. Akakiinua mwangani. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Akakata tena, akitumia ncha tu ya mkasi, na kitambaa kikaachana bila sauti.

"Mzee Makali, ulikuwa umeugua nini wiki hii?"

"Nilikuwa nimeharibu friwili mwenyewe," Makali alijibu. "Keti nikueleze, ni jambo la maana. Nyumbani mna baiskeli?"

Mwanamke akasema ipo ya mumewe, nayo inapiga kelele sana, jana tu alikuwa anatafuta grisi.

"Mwambie aache kopo lilipo," Makali alisema. "Aje nayo hapa kwanza."

Mwanamke alicheka, akautua mfuko mezani. Mikasi kumi na mmoja ikagongana ndani yake. Makali alitoa wa kwanza, akakanyaga mara nne kwa nguvu, akatuliza miguu, akainama kazini.