Goti la Yankho

Kila jioni, Agogo alipoanza kutwanga mahindi, Yankho alisimama kwa mguu mmoja.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wao. Bambo Nkolokosa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alikuwa amemwagiza Yankho asimame kwa mguu wa kushoto, akunje goti kidogo, atulie bila kuyumba, kisha apumzike na kurudia. Nyumbani hapakuwa na saa, kwa hiyo Agogo, bibi yake, ndiye aliyekuwa saa. Agogo alitwanga huku akiimba wimbo wa kinu, na Yankho hakuruhusiwa kuteremsha mguu mwingine mpaka wimbo uishe.

"Unayumba kama mlevi anayetoka sokoni," Agogo alimwambia. "Simama vizuri."

"Leo umeurefusha wimbo, Agogo!"

"Sijaurefusha. Mahindi ndiyo magumu."

Yankho alicheka, akayumba zaidi.

Mwaka uliotangulia, katika mechi ya mpira wa pete, aliruka juu kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili ukigeuka. Kitu kililia ndani ya goti kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Kano linaloshikilia mifupa ya goti lilikuwa limekatika. Madaktari wa Blantyre walichukua kipande cha kano kutoka mbele ya goti hilohilo, chini ya pia ya goti, wakakifunga ndani mahali pa lile lililokatika. Tangu hapo alitembea kwa magongo, kisha bila magongo, kisha akaanza kukimbia polepole kandokando ya barabara ipandayo mlimani. Lakini kuruka na kugeuka ghafla alikuwa bado hajaruhusiwa.

"Kano jipya ni kama mche wa tumbaku uliohamishwa kutoka kitaluni," Bambo Nkolokosa alimweleza. "Ukiona majani yamesimama, unadhani umeshika. Hebu uvute uone! Hata miezi tisa ikipita, si kalenda itakayokuruhusu kucheza. Ni mguu wenyewe, siku tutakapoupima."

Alimkataza jambo moja zaidi, nalo lilimchoma Yankho kuliko yote. Alimkataza kupiga magoti.

Tangu utotoni Yankho alipiga goti kila alipomsalimu mtu mzima, alipopeleka maji ya kunawa, alipopokea zawadi na kushukuru. Sasa aliwapokea wageni akiwa wima kama mwanamume.

"Siku hizi hapa wageni tunapokewa na mlingoti," alisema Mai Chisale, jirani yao, siku moja alipokuja kuomba moto. "Bado bendera tu."

Watu walicheka. Agogo hakucheka. Aliuvuta ungo wake karibu, akauinamishia uso, akapepeta unga ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa. Alifanya hivyo kila alipofika mgeni na Yankho akabaki amesimama. Yankho alimtazama. "Ananionea aibu," alijiambia. Hakuwahi kumuuliza.

Jumatano hiyo wimbo wa kinu ulikuwa haujafika katikati wakati lango la matete lilipofunguliwa kwa kishindo. Aliingia Loveness, nahodha wa timu ya shule, akihema. Nyuma yake alikuja Madam Nyirongo, mwalimu wao wa michezo.

"Odi! Odi, Agogo!"

Mchi ulinyamaza. Yankho aliteremsha mguu.

"Yankho, tumekwisha!" Loveness alidakia kabla hata ya salamu. "Mlinzi wetu wa goli ana malaria. Amelazwa tangu jana. Na fainali ya wilaya ni Jumamosi!"

"Loveness, salimia kwanza," Madam alisema. Kisha akamgeukia Yankho kwa upole. "Mwanangu, nimesikia unakimbia siku hizi. Nimekuja kuuliza tu. Goti lako likoje?"

Yankho alimwona Loveness amekunja mikono kifuani kama mtu anayeomba. Akamwona Agogo akiunyoosha mkono kuufuata ungo. Ndipo wazo likamjia, na kabla hajalipima alikuwa amekwisha kulitenda. Alishuka chini, akapiga goti mbele ya mwalimu wake, goti la kushoto likagusa udongo, akapiga makofi taratibu kama inavyompasa msichana mwenye adabu.

"Karibuni, Madam. Niko sawa."

Maumivu yalikuwa kama msumari wa moto. Aliinamisha uso, na kwa kuwa msichana apigaye goti huinamisha uso, hakuna aliyeshangaa.

"Haa! Tazameni!" Loveness aliruka. "Anapiga goti! Amepona! Mbuzi wetu huyo!"

Mshindi wa fainali alikuwa ameahidiwa jezi mpya na mbuzi, na wasichana walikuwa wamekwisha kumpa mbuzi huyo jina. Walimwita Waziri.

Madam naye alitabasamu. Aliyelelewa Zomba, akiona goti limekunjwa hivyo, hawezi kudhani kwamba ni bovu. "Mungu ni mwema," alisema. "Basi Jumamosi uje na viatu vyako."

Agogo alifungua kinywa, akakifunga. Si desturi kumkanusha mtoto mbele ya mgeni. Aliwasindikiza wageni hadi langoni, akarudi, akaushika mchi.

"Tuendelee," alisema.

Yankho alisimama kwa mguu wa kushoto. Wimbo haukufika mbali. Goti lilitetemeka, mguu wa pili ukaanguka chini. Agogo aliacha kutwanga.

"Mahindi leo ni laini," alisema, "na bado umeshindwa kuufikisha wimbo."

Yankho aliinama, akajipangusa udongo gotini.

"Jumamosi nitakuja uwanjani. Usipomwambia Madam ukweli, nitamwambia mimi. Lakini ningependa ausikie kwako, maana kinywa kilichosema 'niko sawa' si changu."

Siku mbili zilizofuata Yankho hakuweza kula vizuri, hata nsima, ugali wa kwao, kwa dagaa wa usipa aliowapenda. Shuleni kila mtu alimpongeza. Wavulana walimwimbia njiani. Jina lake likabandikwa kwenye mlango wa ofisi pamoja na ya wenzake, na kila alipopita hapo aliona ulimi wake ukizidi kuwa mzito.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu ya jikoni, na nguzo za mkaratusi zilizoshika pete zilikuwa zimepakwa chokaa. Pembeni, mbuzi mweupe aliyefungwa kwenye kisiki alikuwa akila kofia ya mtu.

Yankho aliangaza macho kumtafuta Agogo. Hakuwepo. Njia ilikuwa ndefu, na Agogo hutembea polepole.

Wakaanza kupasha mwili. Loveness alimrushia mpira juu. Yankho aliruka, akaudaka, akatua. Kwa kitambo kidogo goti liliyumba kuelekea ndani, likarudi. Hakuna aliyeona. Lakini yeye alikisikia tena kile kijiti kikavu, si kwenye goti, bali kwenye kumbukumbu, na mwili wote ukapoa.

Mwamuzi alitia filimbi kinywani. Agogo alikuwa bado hajafika. Hapakuwa na mtu wa kumsemea wala wa kumzuia. Yankho angeweza kuingia.

"Madam," aliita.

"Nini, mwanangu? Ingieni, tunaanza."

"Goti langu halijapona." Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Halijapona, Madam. Bambo Nkolokosa hajalipima. Jumatano nilipiga goti ili mdhani nimepona. Niliwadanganya."

Wenzake walikodoa macho.

"Yankho!" Loveness alilalamika. "Sasa ndipo unasema? Na Waziri je?"

"Waziri anakula kofia," alijibu msichana mmoja, na ingawa hali ilikuwa mbaya, wawili watatu waliguna kwa kicheko.

Uso wa Madam Nyirongo ulikuwa mkali, kisha ukalegea. Alimvulia Yankho fulana yenye herufi za mlinzi, akamvisha Zinenani, msichana mwembamba wa kidato cha kwanza ambaye hakuwahi kucheza mechi kubwa.

"Kusema uongo ni kosa, na tutaliongea," alimwambia Yankho. "Lakini na mimi nilikosea. Niliona goti limegusa ardhi, nikasahau kumuuliza aliyelitibu. Kaa hapa karibu nami. Mfundishe mwenzako kwa kinywa."

Yankho alikaa. Mchezo mzima alimwita Zinenani kutoka pembeni. "Tua kwa miguu yote miwili! Kunja magoti! Usimfuate mtu, fuata mpira!" Zinenani alisikia, na kila kipindi alizidi kuwa imara. Hata hivyo walishindwa kwa goli moja. Waziri akaondoka na wageni, kipande cha kofia kikiwa bado mdomoni.

Agogo alifika mechi ikiwa imekwisha. Alimwona mjukuu wake kwenye benchi, mguu umenyooka, hana fulana ya mchezaji. Alimpa chupa ya thobwa, kinywaji cha unga wa mahindi, akamwambia, "Kunywa, kingali baridi."

Loveness alinuna wiki nzima. Kisha jioni moja alikuja mwenyewe, akaegemea lango. "Madam ametueleza," alisema. "Kwamba ungeanguka tena, ungerudi Blantyre kupasuliwa upya, na pengine usingecheza maisha. Sikujua. Mimi nilikuwa nawaza mbuzi."

"Hata mimi nilikuwa namwaza."

"Basi sogea, nisimame na mimi kwa mguu mmoja. Nione huo wimbo unaolalamikiwa."

Alishindwa kabla ya Yankho, na Agogo akamcheka mpaka akaegemea mchi.

Siku ya kupimwa, Bambo Nkolokosa alimwambia Yankho arukeruke kwa mguu mmoja, akapima mruko wa kushoto na wa kulia, akamtazama anavyotua. Mara ya kwanza alitikisa kichwa. "Bado. Mguu wa kushoto unamwachia mwenzake kazi." Yankho alilia njiani, lakini jioni hiyo alisimama kwenye kinu kama kawaida. Mvua zikaja, zikaisha. Mara ya pili Bambo alipima kila kitu, akarudia, akakunja utepe wake wa kupimia.

"Mche umeshika," alisema. "Anza kidogo kidogo. Na mazoezi usiyaache."

Mechi yake ya kwanza haikuwa fainali. Ilikuwa mechi ya kirafiki tu, kwenye uwanja wao wenyewe, na majivu ya kuchorea mistari yalitoka jikoni kwa Agogo. Madam alimwingiza kipindi cha mwisho. Alipopita, Zinenani alimpiga begani na kumnong'oneza, "Tua kwa miguu yote miwili, dada," wakacheka.

Mpira ulikuja juu. Yankho aliruka, akaudaka mbele ya mfungaji, akatua. Magoti yalikunjika pamoja, yakatulia pamoja, pah, kama mchi unapofika chini ya kinu. Alisimama hapo na mpira mkononi, akisahau kidogo kuutoa, mpaka Loveness akapiga kelele, "Rusha basi, mlingoti!"

Filimbi ya mwisho ilipolia, Yankho alivuka uwanja moja kwa moja. Agogo alikuwa amekaa kwenye gogo na Mai Chisale. Yankho alitaka kumshukuru kwa nyimbo zote zile, kwa maji ya moto ya kukandia, kwa safari za hospitali, kwa thobwa la siku ile. Shukrani kama hiyo ina namna yake. Alitandika sweta chini, akaanza kushuka, mikono tayari kwa makofi.

Agogo alinyanyuka haraka kuliko umri wake, akamshika viwiko.

"Usipige goti."

"Agogo, naweza sasa. Bambo amesema nikitandika kitu laini—"

"Najua unaweza. Kawapigie wengine wanaoona heshima iko kwenye goti tu. Heshima uliyonipa mimi ni siku ile uliyosema kweli wakati hakuna aliyekulazimisha. Mtu akimdanganya mwenzake kwa adabu nzuri, bado amemdanganya."

"Lakini nilikuwa nakutia aibu," Yankho alisema, machozi yakimlenga. "Kila mgeni alipokuja nikabaki wima, ulikuwa unaficha uso kwenye ungo."

Agogo aliviachia viwiko vya Yankho polepole, kama mtu anayetua mzigo mzito.

"Aibu?" alisema. "Mwanangu, nilipokuona umebebwa kutoka uwanjani, nilidhani mguu ule hautakanyaga chini tena. Kisha nikakuona umesimama. Kila mgeni alipokuja, wewe ulisimama, na mimi nilikuwa nalia kwa kushukuru. Nilificha uso ili huyu Mai Chisale asinione."